TONE MOJA LA DAMU: MASHINE YA SUKARI HUFANYAJE KAZI?

Mashine ya kupimia sukari si kitu kigeni tena katika familia zetu. Utaikuta kabatini kwa babu, kwenye mkoba wa mama anayehudhuria kliniki, na juu ya meza ya mhudumu katika zahanati. Mtu huchomwa kidole, tone la damu huguswa kwenye stripu, yaani kile kijiti chembamba cha plastiki, na baada ya sekunde chache namba hutokea. Wengine wakiiona namba hiyo hufurahi, wengine huingiwa na hofu, na wengine huirudisha mashine kabatini wakisema kwamba ni mwongo.

Ni watu wachache wanaojua namba ile inatoka wapi. Tumeona ni vema tulieleze jambo hili mwezi huu kwa sababu mbili. Kwanza, anayejua jinsi mashine inavyofanya kazi atajua pia ni wakati gani inaweza kumdanganya. Pili, wapo watu wanaotembeza vifaa vinavyodaiwa kupima sukari, na hata magonjwa yote ya mwili, bila kugusa damu kabisa. Anayekifahamu kipimo cha kweli si rahisi kulaghaiwa na cha uongo.

UGONJWA WENYEWE KWA KIFUPI

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, viazi, ndizi na mkate, hugeuzwa tumboni kuwa sukari iitwayo glukosi. Sukari hii huingia katika damu na kupelekwa sehemu zote za mwili ili itupatie nguvu. Lakini haiwezi kuingia vizuri ndani ya seli bila msaada wa insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana, au mwili ukishindwa kuitumia ipasavyo, sukari hubaki katika damu na kuzidi. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Sukari inapozidi kwa miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu, moyo na miguu. Kibaya zaidi ni kwamba mtu anaweza kuishi nayo kwa muda mrefu bila kusikia maumivu. Ndiyo sababu inabidi ipimwe, maana mwili wenyewe hauwahi kulalamika.

Watu wengi bado hudhani kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 katika kila watu 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, uliwakuta karibu 9 katika kila 100. Chunguzi hizo hazikufanana kwa kila jambo, lakini mwelekeo wake uko wazi.

ZAMANI WALIPIMAJE?

Waganga wa zamani wa India waliona kwamba mkojo wa wagonjwa fulani huvuta sisimizi, wakauita mkojo wa asali. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu kama uliotiwa asali. Alijua hivyo kwa kuuonja. Msomaji asishangae, kwani siku hizo daktari hakuwa na chombo kingine isipokuwa macho, pua, vidole na ulimi wake.

Mwaka 1776 daktari Matthew Dobson wa Liverpool alichemsha mkojo wa mgonjwa mpaka maji yote yakakauka. Yaliyobaki yalikuwa masalio yenye harufu na ladha ya sukari. Hapo ikathibitika kwamba utamu ule ulikuwa sukari hasa.

Wale waliosoma sekondari watakumbuka myeyusho wa Benedict, ile dawa ya buluu inayochemshwa pamoja na chakula ili kutafuta sukari. Stanley Benedict alikuwa mkemia Mmarekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi dawa yake ilitumika hospitalini kupima mkojo. Buluu ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, njano, na mwisho nyekundu kama tofali, sukari ni nyingi.

Kipimo hicho kilisaidia sana, lakini kilikuwa na kasoro kubwa mbili. Figo haziachii sukari kupita katika mkojo mpaka ile ya kwenye damu ipande kufikia 10 hivi, kwa kipimo kinachotumika hospitalini kwetu. Kwa hiyo mtu aliweza kuwa mgonjwa na mkojo usiseme kitu. Tena mkojo hauwezi kuonyesha sukari iliyoshuka mno, hali inayoweza kumwua mtu kwa saa chache. Ilibidi itafutwe njia ya kuiuliza damu yenyewe, na kupata jibu upesi.

ILIANZA KATIKA CHUMBA CHA UPASUAJI

Njia hiyo ilianzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitafuta kisukari. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walikuwa wanajifunza kupasua moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Walihitaji kujua kila wakati kama damu ya mgonjwa ina oksijeni ya kutosha. Mtaalamu aitwaye Leland Clark, aliyezaliwa mwaka 1918, alitengeneza kifaa kidogo cha kazi hiyo: kipande cha madini ya platinamu kilichofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki. Oksijeni ilipenya utando, ikafika kwenye madini, na hapo ukatokea umeme kidogo. Oksijeni ikiwa nyingi, umeme uliongezeka. Ikipungua, nao ulipungua.

Baadaye Clark akawaza jambo jingine. Kuna vitu vingi katika damu ambavyo havitoi umeme wenyewe, sukari ikiwa mojawapo. Je, kama kwenye utando ule atawekwa mlinzi anayeitambua sukari peke yake, na kila anapoikamata hutumia oksijeni? Basi oksijeni itakayopungua itaeleza kiasi cha sukari kilichokuwapo. Mwaka 1962 Clark na mwenzake Champ Lyons waliyachapisha mawazo hayo.

Mlinzi aliyemtumia ni kimeng'enya. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia katika viumbe hai. Hata mate yetu yanacho kimoja kinachoanza kuvunja wanga tunapotafuna. Kila kimeng'enya kina umbo lake, na hukubali kitu kinachomfaa tu, kama kufuli linavyokubali ufunguo wake. Kile cha Clark hukubali glukosi na kuacha karibu kila kitu kingine katika damu kipite. Hupatikana katika aina ya ukungu, ndugu wa ule mweusi unaoota juu ya maganda ya vitunguu.

Kifaa cha namna hii, chenye kitu kitokacho kwenye uhai kinachotambua, na sehemu ya umeme inayotoa taarifa, huitwa bayosensa. Mashine ya kwanza ya kupima sukari kwa njia hiyo iliingia sokoni mwaka 1975. Ilikuwa ya kuwekwa mezani katika maabara, ya bei kubwa, na si ya kubeba mfukoni.

NDANI YA STRIPU

Iweje basi mashine ya mezani igeuke kitu cha kiganjani? Tuitazame stripu kwa makini.

Kwenye ncha yake kuna mfereji mwembamba sana. Ukiugusisha kwenye tone la damu, damu hujivuta yenyewe kuingia ndani, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Stripu nyingi za sasa zinahitaji damu isiyofika hata ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Ndani ya mfereji kimeng'enya kimekwisha kupakwa na kukaushwa, kinangoja. Chini yake kuna mistari ya kaboni au madini yenye kupitisha umeme, nayo inaishia kwenye upande ule unaochomekwa katika mashine.

Damu inapoingia, kimeng'enya huikamata glukosi na kunyang'anya kila chembe yake elektroni 2. Elektroni ni chembe ndogo mno ambazo mwendo wake ndio umeme wenyewe, uleule unaowasha taa na redio. Shida iliyokuwapo ni kwamba sehemu ya kimeng'enya inayopokea elektroni imejificha katikati ya protini, wala haigusani na madini ya stripu. Katika kifaa cha Clark oksijeni ndiyo iliyozibeba. Lakini oksijeni katika damu hupanda na kushuka, na hivyo kipimo nacho hupotoka.

Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, wa Cranfield na Oxford, walitangaza dawa. Walitumia kemikali yenye chuma ndani yake iitwayo ferosini, ambayo hufanya kazi kama pantoni: hupakia elektroni kwenye kimeng'enya, huvuka, huzishusha kwenye madini, kisha hurudi kuchukua nyingine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1987, ikauzwa mashine ya kwanza ya namna hiyo, yenye ukubwa wa kalamu ya wino. Mashine nyingi za kidole tunazotumia leo ni wajukuu wake, hata kama pantoni zake ni za kemikali nyingine.

Kazi ya mashine yenyewe, basi, ni ndogo. Husukuma umeme hafifu kwenye stripu, hupima elektroni zinazovuka, na kugeuza kiasi hicho kuwa namba. Glukosi nyingi, elektroni nyingi, namba kubwa. Akili yote imo kwenye stripu. Ndiyo sababu stripu ndizo zenye gharama, na ndizo zinazohitaji kutunzwa kuliko mashine.

NAMBA INASEMA NINI?

Hospitali zetu hutumia kipimo cha milimoli kwa lita. Mtu mwenye afya ambaye hajala tangu usiku huwa na sukari kati ya 4 na 6 hivi. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo kwamba mwili umeanza kushindwa. Ikiwa 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na zaidi wakati wowote pamoja na dalili kama kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, huo ni ugonjwa wa kisukari. Asiye na dalili yoyote hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa kwamba ni mgonjwa, na kipimo cha kuthibitisha hufanywa maabara. Mashine ya nyumbani ni ya kufuatilia mgonjwa, si ya kumhukumu jirani.

Wapo wanaotumiwa mashine na ndugu walio Marekani. Nyingi za huko hutumia miligramu kwa desilita. Mama aliyezoea kuona 7 akikutana na 126 anaweza kuzimia kwa hofu, kumbe ni kitu kilekile. Gawanya namba hiyo kwa 18, utapata ya kwetu.

Baadhi ya mashine huandika "HI" badala ya namba. Hiyo si salamu. Maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu, na katika nyingi kiwango hicho ni 33 hivi. Nawa mikono, rudia kipimo, na kama jibu ni lilelile mgonjwa apelekwe hospitali wakati huohuo. "LO" ni kinyume chake, nayo ni hatari ya haraka zaidi.

Tena msomaji asitegemee mashine ya kidole ilingane na maabara kwa kila nukta. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 inadai kwamba, kwa sukari ya 5.6 na kuendelea, vipimo 95 katika kila 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa hiyo maabara ikisema 10, mashine nzuri inaweza kusema kati ya 8.5 na 11.5 bila kuwa na kosa. Ukipima mara mbili ukapata 8.9 na 9.4, usiitupe mashine.

YANAYOIDANGANYA MASHINE

Yapo hata hivyo mambo yanayoweza kuipotosha vibaya, na mengi yamo katika uwezo wetu.

La kwanza ni mikono. Aliyetoka kumenya embe au kula ndizi ana sukari vidoleni. Tone la damu ni dogo mno kiasi kwamba sukari hiyo kidogo yatosha kuongeza namba kupita kiasi. Mgonjwa akiamini namba hiyo akajiongezea insulini, anaweza kuanguka. Maji, sabuni na kitambaa kikavu huzuia hatari hiyo.

La pili ni utunzaji wa stripu. Kimeng'enya ni protini, na protini huharibiwa na joto na unyevu, kama yai linavyobadilika likiwekwa jikoni. Kopo la stripu lililoachwa wazi, lililosahauliwa ndani ya gari juani, au lililokwisha muda wake, litatoa namba bado, lakini namba hiyo haina wa kuidhamini. Stripu nyingi huandikwa kwamba zisipitishe nyuzi 30 za joto. Usihamishie stripu katika chombo kingine, kwani kopo lake lina kinyonya unyevu ndani.

La tatu ni upungufu wa damu. Mtu aliyepungukiwa na chembe nyekundu, kwa malaria, minyoo, ujauzito au kutokwa damu, mara nyingi huonyeshwa na mashine sukari kubwa kuliko aliyo nayo kwa kweli. Hali kadhalika aliyekaukiwa na maji mwilini hapimiki vizuri kidoleni. Wagonjwa wa namna hii wapimwe maabara.

La nne ni kukamua kidole kwa nguvu, jambo ambalo huchanganya damu na majimaji ya mwili. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni kidogo, uache mkono uning'inie, damu itakuja yenyewe.

Na hapa tutoe onyo kubwa. Siku za upimaji katika jumuiya au sokoni, mashine moja inaweza kupima watu wengi, lakini sindano ya kutobolea ni ya mtu mmoja, mara moja tu. Hata kile kikalamu chenye kushika sindano kisipokezanwe. Huko Marekani, penye hospitali nzuri na kanuni kali, imewahi kutokea mara kadhaa kwamba wazee katika nyumba za kutunzia wazee waliambukizana homa ya ini aina ya B kwa kushirikiana vifaa vya kutoboa vidole. Virusi vya Ukimwi navyo hupita katika damu.

KUPIMA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Je, kujua namba kunasaidia kweli? Jibu lilipatikana katika utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kuanzia mwaka 1983 hadi 1993. Wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachohitaji insulini tangu mwanzo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa kawaida ya siku hizo. Kundi la pili lilipima damu mara nne au zaidi kwa siku na kurekebisha insulini kufuatana na majibu. Katika kundi la pili, hatari ya ugonjwa wa macho ilipungua kwa asilimia 76, wa figo kwa asilimia 50, na wa mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Lakini pia walishukiwa na sukari vibaya mara tatu zaidi ya wenzao.

Somo lake ni hili: waliofaidika walipima, kisha wakafanya jambo kufuatana na namba. Anayepima asubuhi, akaona 15, akatikisa kichwa na kuendelea kama jana, amepoteza stripu moja tu.

Aidha, tusiwabebeshe watu mizigo isiyo ya lazima. Kwa mgonjwa wa aina ya pili anayetumia vidonge tu au chakula na mazoezi, tafiti zimeonyesha kwamba kupima kila siku humwongezea faida ndogo. Familia isijinyime ada ya shule au chakula bora kwa ajili ya stripu kabla ya kumwuliza daktari ni mara ngapi apime. Kwa anayetumia insulini ni tofauti: kwake kipimo ni sehemu ya dawa.

VITU VIDOGO KULIKO VUMBI

Wataalamu hawakuishia kwenye stripu. Jitihada kubwa ya miaka ya karibuni ni kutumia vitu vilivyosagwa kufikia ukubwa wa nanomita. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanomita kama 80,000.

Kuna faida gani kusaga hivyo? Kila mpishi anajua kwamba muhogo uliokatwa vipande huiva upesi kuliko mzima, kwa sababu maji ya moto hugusa sehemu nyingi. Chukua kipande cha madini chenye sentimita moja kila upande. Nje yake yote ni sentimita 6 za mraba. Kikate kiwe vipande vya nanomita moja moja, na nyuso zote ukizijumlisha zitafika mita 6,000 za mraba, karibu uwanja mzima wa mpira. Hapo panapatikana nafasi ya kuweka vimeng'enya vingi na kupokea elektroni nyingi, hivyo hata kitu kilicho kidogo sana katika damu au maji kinaweza kuonekana. Hutumika dhahabu, na pia mirija ya kaboni iliyoelezwa na mtaalamu wa Japani, Sumio Iijima, mwaka 1991.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yako mbali. Kile kipimo cha haraka cha malaria katika zahanati, chenye kuonyesha mstari mwekundu, mara nyingi wekundu wake ni dhahabu. Dhahabu iliyosagwa hadi nanomita chache makumi haing'ai njano tena. Huwa nyekundu kama divai. Chembe zake hufungwa pamoja na kingamwili zinazoshika protini ya kijidudu cha malaria, na zikijikusanya mahali pamoja mstari huonekana. Kipimo hicho hakitumii umeme. Macho ya mhudumu ndiyo yanayokisoma.

Njia ya umeme nayo inajaribiwa kwa mambo mengi: zebaki na risasi katika maji, dawa za wadudu katika mboga, na sumu ya ukungu katika nafaka iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani wala hainuki. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo huko mashariki mwa Kenya yaliwapata watu 317, na 125 kati yao walikufa. Kifaa cha mkononi kingeweza kumwambia mkulima kabla ya kusaga kwamba gunia hili halifai. Lakini vingi vya vifaa hivyo bado vimo maabarani. Kupima kitu katika maji safi ya chupa ni rahisi. Kukipima katika damu, maziwa au unga, vyenye mafuta na protini za kila namna zinazoziba madini, ndiko kwenye kazi. Tena kifaa lazima kivumilie miezi ya joto katika ghala la dawa, na bei yake iwe ya mtu wa kawaida.

Kwa wenye kisukari, hatua iliyokwisha kufika sokoni ni kihisi kinachobandikwa mkononi au tumboni, chenye uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi na kupima sukari mchana na usiku. Cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Mwaka 2014 kilitokea Ulaya kingine kinachokaa siku 14. Ndani ya uzi huo kuna kimeng'enya na elektroni zilezile tulizozieleza. Hupima majimaji yaliyo kati ya seli, si damu, kwa hiyo habari zake huchelewa kwa dakika kadhaa. Gharama yake bado ni mzigo mzito kwa familia nyingi.

JIHADHARI NA VIPIMO VYA UONGO

Sasa tumefika kwenye lile tulilolitaja mwanzoni. Wapo wanaomshikisha mtu chuma kiganjani, na baada ya dakika moja kompyuta yao hutoa karatasi ndefu yenye hali ya ini, figo, kongosho na mifupa. Mwishowe mtu huuziwa dawa. Msomaji aliyetufuata mpaka hapa anaweza kuuliza maswali mawili tu: Kimeng'enya kiko wapi? Damu iko wapi? Chuma kilichoshikwa kiganjani hakina kinachoitambua sukari, wala sukari yenyewe haijakifikia. Karatasi ile haitoki katika mwili wa mtu huyo.

Ndivyo ilivyo pia kwa saa na pete zinazouzwa kwa maelezo kwamba hupima sukari bila kutoboa ngozi. Mwezi Februari mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wasivitumie vifaa hivyo, ikaeleza kwamba ilikuwa haijaidhinisha hata kimoja. Saa inayopokea tu habari kutoka kwa kihisi kilichobandikwa chini ya ngozi ni jambo jingine.

Hasara yake si fedha tu. Mgonjwa akionyeshwa na chuma hicho kwamba amepona, anaweza kuacha insulini. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiachishwa insulini huweza kufa katika siku chache.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni, uikaushe, kabla ya kila kipimo.

2. Funga kopo la stripu mara unapotoa moja. Soma tarehe ya mwisho. Liweke penye kivuli na pakavu.

3. Sindano ya kutobolea ni ya mtu mmoja. Zilizotumika zitiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, mbali na watoto.

4. Andika namba, tarehe, saa, na kama ulikuwa umekula. Daftari hilo liende nawe kliniki. Daktari hujifunza mengi zaidi katika namba za mwezi kuliko katika namba ya siku moja.

5. Sukari ikiwa chini ya 4, au mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari katika maji. Apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali.

6. Namba isipolingana na hali ya mgonjwa, rudia kipimo. Ikiendelea hivyo, nenda maabara. Mtu anatibiwa, si mashine.

7. Anayetumia insulini au vidonge na anataka kufunga, azungumze kwanza na daktari wake.

8. Usiache wala usibadili dawa kwa sababu ya kipimo chochote kilichofanywa sokoni au mlangoni.

Tarehe 14 Novemba kila mwaka ni Siku ya Kisukari Duniani. Ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921. Mara nyingi siku hizo huwa na upimaji wa bure. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, mnene wa tumbo, au mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, asingoje kiu na kukonda. Aende, anawe mikono, atoe kidole. Akikuta namba ni nzuri, amshukuru Mungu. Akikuta ni kubwa, asikate tamaa wala asifiche nyumbani. Ajue amepata habari mapema, wakati macho yake, figo zake na miguu yake bado vinaweza kuokolewa.